Huyo dubu wako juu ya friji: nani alimchonga, na ni jiwe la Kisii kweli?

Dada mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee kule Ottawa ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Bibi niliyekuwa namtunza amefariki, watoto wake wakaniachia dubu wa jiwe la kijani, amesimama mguu mmoja kama anacheza ngoma. Chini ya mguu kuna namba na vialama kama pembetatu. Nikaona ni yale yale mawe ya Kisii ya kuuzia watalii nikamweka juu ya friji. Juzi mgeni akaniambia ni kazi ya Inuit, wale wenyeji wa kaskazini ya barafu huku Kanada, nisimchezee. Sasa ni jiwe moja na la kwetu ama? Hao wachongaji wanaishije, na ni kweli wanachonga mawe tangu enzi za mababu? Na mimi nimfanyie nini?"

Dadangu, kabla ya yote mtoe huyo dubu juu ya friji leo hii. Friji inatetemeka kidogo kidogo usiku kucha na kitu kizito kinasogea bila wewe kujua, na dubu wa mguu mmoja akianguka ni ule mguu unaoenda. Nimegundisha miguu ya namna hiyo mingi sana na haijawahi kurudi kama zamani.

Mimi ni mtoto wa Tabaka, Kisii, baba alikuwa mchongaji na mama na shangazi zangu ndio walikuwa wanapiga msasa kwenye karai, na sasa ni miaka mingi nafanya kazi ya kurekebisha sanamu za mawe huku Kanada, kwa hivyo hili swali lako limenigusa kotekote.

Tuanze na jiwe. Watu huku wanaita yote "soapstone" lakini sio moja. Jiwe la kwetu ni laini, likitoka machimboni bado lina maji unalikata na kisu au panga bila shida, na rangi yake ni nyeupe, pinki, manjano, kijivu, alafu sisi tunalitia rangi na kulichora. La kijani linalong'aa kama ulivyoeleza, sana sana ni serpentini, hilo ni gumu zaidi, linataka tupa, shoka, na siku hizi grinda. Ukitaka kujua jaribu kucha, lakini tafadhali chini ya mguu mahali hapaonekani: la kwetu kucha inaweza kuacha mstari, serpentini inakucheka. Jiwe zuri la kijani la kusini mwa Baffin, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Kanada, linatoka mahali panaitwa Kangiqsukutaaq, wachongaji wa Kinngait (zamani mji uliitwa Cape Dorset) wanalifuata na boti kiangazi barafu ikishafunguka, wanalivunja, wanalipakia na kurudi nalo baharini, na bahari ya huko sio ya kufanyia mzaha. Sasa wewe fikiria fundi wa Tabaka anayetembea dakika chache kutoka nyumbani mpaka shimoni, alafu umfikirie huyu ambaye dirisha lake la kupata jiwe ni wiki chache kwa mwaka, na akikosa boti au mafuta basi anasubiri mwaka mwingine ama ananunua la mwenzake.

Lakini usidhani jiwe la Inuit lote ni hilo la kijani. Ukivuka kwenda kaskazini mwa Quebec, Inukjuak na Puvirnituq, unakuta jiwe la kijivu, laini zaidi, na hapa nina kisa cha aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa mwindaji mdogo mweusi ti wa Puvirnituq, mchafu, nikamwosha na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kama nilivyozoea, na ule weusi ukaanza kutoka kwa kitambaa. Nilishikwa na baridi. Kumbe wachongaji wa pale miaka ya zamani walikuwa wanapaka jiwe kiwi ya viatu, kiwi nyeusi, alafu wanakwaruza juu yake mistari midogo ili kijivu kitokee, ndio unaona manyoya ya koti na nyuzi za kamba. Na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kukosa hilo, manake kwetu Tabaka si ndio hivyo hivyo? Unapaka rangi, unakwaruza, weupe wa jiwe unatokea, pundamilia huyo! Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja karibu na ikweta mwingine kwenye barafu, wamefikia ujanja mmoja. Mwenye mwindaji nilimweleza ukweli na hakunidai, lakini tangu siku hiyo sigusi jiwe jeusi na maji.

Sasa hilo la "tangu enzi za mababu". Jibu langu ni ndiyo na hapana, na watu wa maduka hawapendi nikisema hapana.

Ndiyo kwa sababu mikono ilikuwepo. Kabla ya umeme nyumba ya Inuit ilipata mwanga na joto kutoka kwa qulliq, taa ya jiwe iliyochongwa kama sahani ya nusu mwezi, ndani mafuta ya sili (mnyama wa bahari wanayemwinda), utambi wa majani makavu au nyasi za pamba, na mwanamke wa nyumba ndiye anaiangalia isizime wala isitoe moshi. Sufuria pia zilikuwa za jiwe. Na watu walioishi pale kabla yao, ambao wanahistoria wanawaita watu wa Dorset, waliacha vidubu vya pembe ya walrasi (mnyama mkubwa wa bahari mwenye meno marefu) vidogo unaweza kuficha ndani ya ngumi, wengine kama wanaogelea au wanapaa angani. Kwa hivyo kuchonga sio ugeni.

Hapana kwa sababu sanamu kama ya kwako, kubwa ya kuwekwa mezani kwa mtu mwingine na kulipiwa pesa, huo ni uchumi wa juzi tu, ni mwaka 1948 na 1949. Familia nyingi zilikuwa zinaishi kwa kutega mbweha na kuuza ngozi kwa kampuni ya Hudson's Bay, na kwa hizo ngozi ndio walipata unga, chai, risasi. Bei ya ngozi ikaanguka vibaya. Wakati huo huo kulikuwa na njaa maeneo mengine kwa sababu kulungu wao wale wa kuhama kwa makundi walipungua. Sasa 1948 kijana mchoraji wa Toronto anaitwa James Houston akafika Inukjuak, akawa anawachora watu, nao wakampa vitu vidogo vya jiwe walivyochonga, akashangaa, akabeba kurudi navyo Montreal. Chama cha kazi za mikono cha huko kikamtuma tena anunue zaidi, na Novemba 1949 wakafanya mauzo Montreal, vitu vikaisha ndani ya siku 3. Serikali ikaona hapo ndio mahali pa kupunguzia mzigo wa misaada, kampuni ikakubali kununua kwenye maduka yake, na 1951 hata wakatoa kijitabu cha michoro kuwaonyesha watu mzungu anapenda nini, na ndio maana ukipekua ghala za miaka ile unakuta vyombo vya kuwekea viberiti na visahani vya majivu ya sigara vilivyochongwa na watu ambao nyumbani kwao hawana haja navyo hata kidogo.

Kuna wasomi wanasema basi hiyo sanaa ni ya kutungwa, sio halisi. Mimi hayo maneno yananiudhi. Kwetu wazee walichonga bakuli, viko na mbao za bao kabla mtalii hajaomba twiga, alafu mtalii akaomba twiga tukachonga twiga, na ada ya shule ililipwa na twiga. Mtu aliyekuwa mwindaji mzuri, anamjua sili misuli kwa misuli kwa sababu amemchuna mara elfu, ukimpa jiwe na sababu ya kulichonga, unataka achonge nini kama sio hicho anachokijua? Njaa ilimleta kwenye jiwe, sawa. Alichokitoa kwenye jiwe ni chake.

Nikupe mtu mmoja umshike vizuri, na simchagui yule ambaye kila mtu anamtaja. Oviloo Tunnillie, mwanamke, alizaliwa 1949, kambini nje ya Kinngait, baba yake Toonoo alikuwa mchongaji na wadogo zake wawili, Jutai na Samonie, nao wakaja kujulikana. Akiwa na miaka kama mitano hivi akapatikana na TB. Miaka hiyo serikali ilikuwa inapiga watu picha za kifua kwa meli, ukikutwa na doa unachukuliwa kusini, wengi bila hata kurudi nchi kavu kuaga, na kufikia 1956 Inuit mmoja katika kila saba alikuwa kwenye hospitali za TB kusini. Mmoja katika saba! Chukua kijiji chenu uhesabu. Wengine walikufa huko na familia hazikuambiwa wamezikwa wapi, na waziri mkuu aliomba msamaha kwa hilo Machi 2019, miaka sitini baadaye. Oviloo alikaa hospitali za Manitoba kati ya 1955 na 1958, mtoto mdogo peke yake kati ya watu asiowaelewa, na aliporudi nyumbani alikuwa amesahau Kiinuktitut, ikabidi ajifunze upya lugha ya mama yake mzazi.

Kachongo kake ka kwanza kalikuwa 1966, mama na mtoto. Kinngait wanawake wengi walijulikana kwa kuchora kwenye karatasi, jiwe zito na vumbi na shoka viliachiwa wanaume, lakini yeye akaingia humo humo akaishi kwa kazi hiyo. Na angalia alichonga nini. Alichonga mama wa bahari, yule nusu mtu nusu samaki ambaye Kinngait wanamwita Taleelayo, sawa, hiyo wauzaji walipenda. Lakini alichonga pia mchezaji wa futiboli ya Kimarekani na helmeti yake, akachonga mwanamke amevaa viatu vya mchuchumio, akachonga mlevi aliyeanguka chini, wanawake uchi waliojikunja wakilia, na 2001 akachonga nesi na mtoto anayelia. Wewe unajua huyo mtoto ni nani. Zaidi ya miaka arobaini ameibeba hiyo picha kifuani mpaka akapata jiwe la kuiweka. Wanunuzi wa kusini walikuwa wanataka dubu na wawindaji, yeye akawapa hiyo. Alifariki Kinngait 2014, na miaka miwili baadaye jumba la sanaa la Winnipeg likamfanyia maonyesho ya maisha yake yote.

Siku ya kazi ya mchongaji yeyote wa huko inafanana na jua kali ya kwetu ukiondoa jua. Anafanyia nje au kwenye kibanda cha mbao kwa sababu vumbi haliwezi kuingia ndani ya nyumba, waya wa umeme umetoka dirishani, grinda inalia, na yeye amevaa koti zito, glavu, miwani, na barakoa kama ni mwerevu. Namsisitiza huyo mwerevu. Vumbi la jiwe linaua mapafu taratibu, na mawe ya jamii ya serpentini mengine yana nyuzi za asbesto ndani, na wazee wengi walichonga miaka bila chochote puani. Jiwe lenyewe muda wote ni jeupe kwa unga, huoni rangi, mpaka unalimwagia maji na ghafla ule ukijani unaamka na mishipa meusi yake na kama kuna ufa ndio unauona sasa, baada ya siku tatu za kazi. Alafu tupa, alafu msasa mkavu, alafu msasa wa maji kwenye ndoo jikoni, na hapo mara nyingi mke au watoto ndio wanakaa nao, wa namba kali kwanza mpaka ule mlaini kabisa, alafu nta. Nilipoona hiyo ndoo mara ya kwanza nilimkumbuka mama.

Na ule mguu mmoja wa dubu wako sio mchezo tu. Dubu wa kucheza alifanywa maarufu na Pauta Saila wa Kinngait, aliyefariki 2009, mzee aliyewajua dubu wa kweli kwa kuwawinda, dubu zake ni nene zimejaa kama magunia. Mwenzake Osuitok Ipeelee yeye alikwenda upande mwingine, kulungu wa jiwe mwenye miguu myembamba kama penseli amebeba mwili mzima. Kusimamisha kilo kadhaa za jiwe juu ya kifundo kimoja na lisianguke na lisionekane limebanwa, hapo ndipo wachongaji wanapimana wenyewe kwa wenyewe. Jiwe halina nyuzi kama mti wa Mmakonde, ukikosea limekatika na hakuna gundi ya kumdanganya mnunuzi mzoefu.

Akimaliza anaenda kuuza. Kinngait kuna ushirika ulioanzishwa 1959 unaomilikiwa na wenyeji, mnunuzi anageuza kitu mkononi, anataja bei, mchongaji anachukua pesa yake siku hiyo hiyo. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, lile eneo la Inuit la kaskazini, unaweza kuwa unakula hotelini mtu akaja mezani na kitu kimefungwa kwenye taulo. Pesa hiyo inaenda kwa chakula, na chakula huko ni ghali ajabu kwa sababu hakuna barabara, kila kitu kinakuja na ndege au meli ya kiangazi, na nyingine inaenda kwa petroli ya skidoo (kama pikipiki ya theluji) na risasi ili aende kuwinda. Yaani dubu wa jiwe ndiye anayemleta sili wa nyama nyumbani.

Kinachoniuma ni baada ya hapo. Joe Talirunili wa Puvirnituq, mzee aliyekufa 1976, alichonga tena na tena boti iliyojaa watu, ni kisa cha utotoni kwake, familia zilikwama kwenye barafu inayovunjika wakaunganisha boti kwa mbao za sleji na ngozi, na kwenye boti za jiwe amewajaza watu wote wanapiga makasia wamekodoa macho. Mojawapo ya hizo iliuzwa mnadani 2006 kwa zaidi ya dola laki 2. Familia ya mchongaji haipati hata senti kwenye mauzo ya namna hiyo. Ufaransa wana sheria tangu 1920 kwamba msanii anapata asilimia kazi yake ikiuzwa tena, na wasanii wa Kanada wamekuwa wakiidai kwao kwa miaka na miaka.

Haya, zile alama chini ya mguu. Pembetatu ni herufi kweli, maandishi ya silabi. Pembetatu ikielekea juu ni i, ikielekea kulia ni u, ikielekea kushoto ni a, na konsonanti zina maumbo yao nayo yanageuzwa hivyo hivyo, kwa hivyo ni rahisi kuliko unavyofikiri, mchana mmoja tu unatosha kusoma jina la fundi wako. Namba kama inaanza na E au W, hiyo nayo ina habari yake. Tangu miaka ya 1940 serikali, ikiona majina ya Inuit yanaisumbua, iligawa vidude vya duara vyenye namba, E ya mashariki W ya magharibi, mtu anavaa shingoni au kushonea kwenye nguo, na namba hiyo ndiyo wewe kwenye kila karatasi. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa zaidi, babu zetu walivaa kipande shingoni. Ni kati ya 1968 na 1971 ndipo Abe Okpik, Mwinuk mwenyewe, alizunguka makambi kuuliza kila familia inataka jina gani la ukoo. Kwa hivyo kama dubu wako ana E na tarakimu tu bila jina, inawezekana kabisa ni wa kabla ya hapo, na hiyo namba inaweza kutupeleka moja kwa moja kwa mtu mmoja. (Na samahani kwa hilo "Mwinuk", Inuk ni mtu mmoja na Inuit ni watu, kwa hivyo kusema "Wainuit" ni kama kusema "wawatu". Neno Eskimo liache kabisa.)

Angalia pia kama kwenye vitu vya bibi kulikuwa na kikadi kidogo cheupe chenye picha ya igloo, nyumba ya theluji. Hicho ni kithibitisho kilichoanza 1958, sasa kinasimamiwa na taasisi ya wasanii wa Inuit wenyewe, na kilianzishwa kwa sababu ya vitu vya plastiki na unga wa jiwe vinavyomiminwa kwenye kalibu na kuuzwa viwanja vya ndege. Vya kalibu utavijua: vyepesi kuliko vinavyoonekana, vina joto ukigusa, na ukikuta kaka yake wa pili sawasawa kabisa dukani basi umemaliza kesi. Jiwe la kweli ni baridi shavuni.

Mfute na kitambaa kikavu laini, basi. Hakuna sabuni, hakuna mafuta ya kupikia, na najua utajaribiwa mafuta ya nazi, acha. Muweke chini, ndani ya kabati au mezani mbali na ukingo na mbali na watoto. Kama ana meno au macho meupe usimbebe kwenda kutembelea ndugu Marekani kabla hujauliza, hiyo nyeupe inaweza kuwa pembe ya walrasi au ya nyangumi na wenzetu wana sheria ya wanyama wa bahari tangu 1972, forodha hawajadiliani. Kuuza ni juu yako, mimi nisingeuza kwa mtu wa kwanza anayetaja bei, hasa huyo mgeni kama ndiye anataka kununua. Nenda kwa duka la sanaa la Inuit au mnada, angalau wawili, na usimwambie wa pili alichosema wa kwanza.

Na uulize watoto wa bibi alimpata wapi na mwaka gani, wakati bado wanakumbuka. Alafu nipigie picha ya chini ya mguu, dirishani mchana, taa ya simu izime kwa sababu inafuta mikwaruzo, mwanga uje kutoka upande mmoja. Weka shilingi au sarafu yoyote kando nione ukubwa.